Kuoga Bahari Ngazija: Mwongozo kwa Msafiri wa Tanga

Aliyezoea pwani ya Ushongo, ambako maji yakipwa humwachia mtu mchanga wa kutembea mbali, anapaswa kuyaweka kando mazoea hayo anapokwenda Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro. Kisiwa hicho ni mlima wa volkano uliopanda kutoka kwenye kilindi cha bahari, na ukanda wa matumbawe unaokizunguka ni mwembamba, kwa hiyo ukiuvuka kidogo tu huna tena pa kukanyaga. Oga upande wa ndani wa mwamba wakati maji yanajaa, maana yakianza kutoka hupita kwa nguvu kwenye milango ya mwamba na yanaweza kumchukua hata mwogeleaji hodari. Vaa raba zenye soli nene, kwani mawe ya lava hukata.

Panda ndege Dar es Salaam hadi Hahaya, karibu na Moroni, ukiwa na yuro taslimu za kubadilisha kwa faranga za Komoro.

Kwa safari ya kwanza ningechagua Mitsamiouli, upande wa kaskazini, wenye mchanga mweupe. Chomoni, mashariki, hunipendeza zaidi kwa jinsi mchanga mweupe ulivyokumbatiwa na miamba myeusi ya lava, ila kusi ikivuma upande huo huchafuka; basi nenda wakati wa tangambili la mwisho wa mwaka, kabla mvua hazijashika. Aprili sipendekezi, kwa kuwa Kimbunga Kenneth kilipita karibu na kisiwa mwezi huo mwaka 2019. Humo kwenye mapango ya lava yaliyo kilindini huishi silikanti, samaki yuleyule ambaye Tanga imemtengea hifadhi ya bahari tangu 2009, ingawa muogaji hatamwona.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa ni maji ya kunywa. Ardhi ya volkano hufyonza mvua, kisiwa hakina mito ya kudumu, na vijiji vingi hutegemea maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye matangi. Mlima Karthala ulipolipuka mwaka 2005, majivu yaliyachafua. Kwa hiyo beba maji yako ya kutosha, usiombe maji ya kijiji kwa ajili ya kujisuuza chumvi, na uulizie habari za mlima kabla ya kusafiri.

Wenyeji ni Waislamu, na ufukwe mara nyingi uko jirani na nyumba zao. Wasalimu wazee kwanza, uombe ruhusa ya kuoga, na ujifunge kanga kila utokapo majini.