Kukimbia marathoni kuchangia dawa za selimundu: hatua nilizopitia kwa ajili ya mdogo wangu

Mdogo wangu ana selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Ukiishi nyumba moja na mgonjwa wa selimundu unaujua ule usiku ambao miguu inamuuma mpaka hataki hata shuka imguse. Mwaka jana nikakimbia kilomita 42 kuchangisha hela za dawa kwa watoto wa kliniki anayotibiwa, na juzi binamu yangu wa Mbagala kaniuliza anaanzaje na yeye, nikamtumia voisi nne ndefu, nikaona bora niandike kabisa.

Hatua ya 1: Muulize mgonjwa mwenyewe

Kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote. Wangu alikubali ugonjwa utajwe, picha akakataa. Ikaishia hapo. Picha ya mtu yuko kwenye dripu inaleta hela haraka ni kweli, ila kesho anarudi chuo na darasa zima wameshaiona.

Hatua ya 2: Pima damu yako

Wengi wanairuka hii. Selimundu inarithiwa kwa baba na mama wote wawili, kwa hiyo kama mdogo wako anaumwa na wewe ni mzima, uwezekano ni mara mbili kati ya tatu kwamba umebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa. Mimi nimebeba, nilikuwa sijui mpaka nilipopima. Maisha ya kawaida hakisumbui, lakini kwenye joto, huna maji mwilini na unajilazimisha, misuli inaweza kuharibika mpaka figo zikazidiwa. Sio kwamba usikimbie. Ongeza kilomita taratibu, kunywa maji, na ukisikia misuli inakaza au inaisha nguvu ghafla simama hapohapo, usijikaze kisabuni. Ukienda maabara waambie unataka kipimo kinachotofautisha aliyebeba na anayeumwa, maana vingine vya haraka havitofautishi.

Hatua ya 3: Mazoezi

Miezi mitano, siku nne kwa wiki. Kwa joto la Dar toka saa kumi na moja alfajiri, ikifika saa mbili uwe umesharudi. Jumamosi ndo mbio ndefu: mimi natoka Mwenge naenda Coco, navuka Daraja la Tanzanite, nageuza. Jiji letu ni tambarare na mbio zenyewe nilienda Moshi ambako kuna mlima wa kueleweka, kwa hiyo kila Jumatano nilikuwa napanda Mlimani pale Chuo Kikuu, juu chini mara nane. Raba nunua mtumba Karume, mtumba orijino unaishinda feki mpya kwa mbali sana, hapo sibishani na mtu. Maji ya kubeba changanya na chumvichumvi za duka la dawa, pakiti moja lita moja. Mafuta ya mgando mapajani na kwapani.

Hatua ya 4: Hela

Hapa ndo soma taratibu, maana hapa niliteseka.

Nilitoa namba yangu ya kila siku. Kumbe laini ina deni, ule mkopo mdogo wa kumalizia muamala salio likipungua, nimeshausahau. Mchango wa kwanza 50,000 ukaingia, ukakatwa palepale. Halafu mshahara nao ukaingia humohumo, nikanunua luku, nikamtumia mama ya gesi, wiki ya tatu mjomba ananiuliza mpaka sasa ziko ngapi, sina jibu. Nilikaa mezani na daftari kuanzia saa tatu usiku mpaka saa saba nasoma meseji moja moja, zikawa zimepungua 38,000. Nikazirudisha kwa kutoa mfukoni mwangu, lakini ile hofu ya kuonekana nimekula hela za watoto wagonjwa sitaki imkute mtu.

Kwa hiyo sajili laini mpya ya kazi hiyo tu. Ukitangaza namba, tangaza na jina litakalotokea, mtu akiona jina asilolijua hatumi. Waambie wasiweke ya kutolea, kwa sababu hutatoa, utalipa moja kwa moja. Tafuta mtu wa pili, mkali wa hesabu, awe anaona meseji zote. Mimi nilimuweka shangazi.

Daftari liwe na safu mbili, AHADI na TASLIMU, na ukitangaza kwenye kundi la wachangiaji taja taslimu peke yake. Ahadi ni maneno mpaka iingie. Kumbusha baada ya mishahara kutoka, mara moja, inbox, sio mbele za watu, maana wengine kweli hawana na wataona aibu mpaka watoke kundini.

Halafu badala ya kusema changia chochote, gawa kilomita. Kila mtu achague yake, 10,000, jina lake uliandike kwenye karatasi utakayokimbia nayo. Mama alichukua ya 42. Mdogo wangu akachukua ya 33, akasema hapo ndo mtaanza kuumwa, mimi napajua. Zikaisha ndani ya siku sita, ikabidi kilomita moja ikae na watu wawili watatu.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Anza polepole kuliko unavyotaka. Karatasi itie kwenye nailoni, yangu ililoa jasho, majina ya kuanzia 20 yakawa yanasomeka kwa shida. La 33 nililisoma kwa sauti.

Hatua ya 6: Kulipa

Usimpe mtu hela mkononi, hata kama ni nesi unayemfahamu. Kaulize kliniki wanahitaji nini hasa. Kwetu ilikuwa haidroksiyurea, inapunguza yale maumivu ila inamezwa kila siku na wazazi wengi inawashinda kununua. Hospitali ya serikali itakupa kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini, lipa kwa ileile laini, piga picha risiti, weka kwenye kundi siku hiyohiyo hata iwe usiku. Yangu niliiweka saa nne, na kufika asubuhi ahadi saba zilikuwa zimeshaingia, ikabidi niombe kontroo namba nyingine.