Diski Mbili Ndani ya Kompyuta Moja: Namna ya Kupima Kasi Yake

Kabla ya kuunga diski mbili za sahani (HDD) kwa RAID, yaani kuzifanya jozi inayofanya kazi kama diski moja, pima kila moja peke yake. Wengi huiruka hatua hii, kisha wakapata namba wasiyoweza kuieleza. Katika RAID 0 data hukatwa vipande na kugawanywa sawasawa baina ya diski mbili, kwa hivyo ile yenye mbio huingoja ile nzito. Moja ikiwa na megabaiti 180 kwa sekunde na nyingine 140, jozi haitapita 280. Usiitarajie 320.

Hamisha data zote kwanza, maana kuunda jozi hufuta kilichomo. Kisha soma afya ya diski kwa programu ya smartctl, hasa ukiwa umenunua za mtumba. Katika orodha yake, mistari yenye namba (ID) 5 na 197, inayohesabu sekta mbovu, iwe sifuri. Diski yenye sekta mbovu hurudia kusoma mara kwa mara, na vipimo vyake huyumba. Hesabu ya namba 199 ikiongezeka, lawama huwa ya kebo mara nyingi kuliko diski: nyumba zinazotazama bahari, Mji wa Kale wa Mombasa kwa mfano, hewa ya chumvi na unyevu huharibu vichwa vya kebo. Badilisha kebo ya SATA, ile inayounga diski na ubao mama, kisha uangalie kama hesabu imesimama. Haishuki, husimama tu.

Funga kila diski kwa skrubu nne, na uache nafasi tupu katikati yake. Mtikiso wa moja husumbua kichwa cha kusomea cha nyingine, na joto nalo hupata pa kutokea. Miezi ya kaskazi, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Weka feni mbele ya diski na ujaribu kuzishikilia chini ya nyuzi 45. Usipime kupitia kasha la USB 2.0, litakuonyesha megabaiti 40 hivi hata diski iwe nzuri vipi. Tundu la SATA la gigabiti 3 halina neno, kwani hupitisha karibu megabaiti 300 kwa sekunde, zaidi ya uwezo wa diski moja ya sahani.

Kwenye Linux, soma mwanzo wa diski kwa programu ya fio hivi, ukihakikisha jina la diski kwa lsblk:

sudo fio --readonly --name=jaribio --filename=/dev/sdb --rw=read --bs=1M --direct=1 --runtime=60

Rudia ukiongeza --offset=90% ili usome mwisho wake. Namba itashuka hadi karibu nusu, wala si ubovu: nyimbo (track), yaani duara ambamo data huandikwa, za nje ya sahani ni ndefu kuliko za ndani, na mzunguko ni uleule. Ndiyo maana diski tupu na diski iliyojaa hazilinganishwi. Kwenye Windows tumia programu ya CrystalDiskMark. Ukipima kwa kunakili faili tu, faili iwe kubwa mara mbili ya RAM (gigabaiti 16 kwa RAM ya 8), la sivyo utakuwa unapima RAM. Fanya mara tatu, uchukue namba ya kati.

Sasa unda jozi kwa mdadm, programu ya RAID ya Linux, urudie vipimo vilevile kwenye /dev/md0. Kwa RAID 1, nakala pacha, subiri kwanza ulinganishaji uishe, tazama /proc/mdstat. Terabaiti moja kwa megabaiti 150 kwa sekunde huchukua karibu saa mbili, na ukipima kabla yake utaidhulumu jozi. Kuandika kwa RAID 1 hufuata diski nzito. Kusoma faili moja hakuongezeki mbio; faida huonekana watu wawili wakisoma kwa pamoja, basi pima kwa kuongeza --numjobs=2 --offset_increment=40% --group_reporting.

Kipimo kinachoamua ni cha vipande vidogo: --rw=randread --bs=4k. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika hungoja wastani wa milisekunde 4.17 sahani ifike mahali pake, mbali na muda wa kichwa kusogea. Kuunganisha diski hakuupunguzi muda huo hata kidogo. Ukiona chini ya megabaiti moja kwa sekunde, ndivyo ilivyo.

Kwa hivyo studio ya Bamburi inayohariri video za arusi itaifurahia RAID 0, kwani kazi yake ni faili ndefu zinazosomwa mfululizo. Ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini, yenye maelfu ya hati ndogo, haitaona tofauti. Huko SSD moja, diski isiyo na sahani inayozunguka, ya bei nafuu hupita jozi yoyote ya sahani. Wenye video nao wasiweke kwenye RAID 0 kitu ambacho hakina nakala nje: diski moja ikifa, zote mbili zimepotea. RAID 1 haimwokoi aliyefuta faili kwa makosa.

Kama jozi ilianza kwa mbio kisha ikaporomoka baada ya dakika kadhaa za kuandika, tazama aina ya diski. Zile za SMR, ambazo nyimbo zake hulaliana kama makuti ya paa, huandika haraka hadi sehemu ya akiba ijae, kisha huburura. Pima kuandika kwa angalau dakika 20, na usichanganye SMR na CMR, zile ambazo nyimbo zake hazilaliani, katika jozi moja.