Namna ya kusoma ripoti ya shule ya mtoto wako hapa Louisville

Jirani yangu, mama mmoja wa Uvira, aligonga mlango saa mbili usiku nikijiandaa kwenda zamu. Simu iko mkononi. "Baba Furaha, shule ya mtoto iko na rangi ya machungwa. Tuhame?"

Nikavua viatu, tukakaa mezani.

Kila shule hupewa rangi kwenye ripoti ya jimbo. Rangi ziko tano, kuanzia nyekundu iliyo chini kabisa hadi bluu iliyo juu. Mwaka wangu wa kwanza hapa, baada ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nilitazama rangi tu nikakosa usingizi bure. Fungua kompyuta badala ya simu, maana simu inakata majedwali. Andika Kentucky School Report Card, kisha jina la shule.

Idadi ya wanafunzi ipite upesi. Kaunti ya Jefferson, ndiyo yetu hapa Louisville, ina zaidi ya 90,000, ndiyo wilaya ya shule kubwa kuliko zote Kentucky, na tangu 1975 mji na kaunti wana mfumo mmoja. Wastani wa umati huo haukuelezi habari za shule ya mtaani kwako.

Kwenye pesa, kaa. Jimbo linagawa kwa kanuni inayoitwa SEEK, iliyotokana na mageuzi ya 1990. Msingi wa mwaka wa masomo 2025-26 ni dola 4,586 kwa mwanafunzi. Anayejifunza Kiingereza huongezewa asilimia 9.6 ya msingi, karibu dola 440. Wa familia yenye kipato kidogo, asilimia 15.

Ila msingi huo haufuati aliyeandikishwa, unafuata wastani wa wanaohudhuria kila siku. Tulipiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Siku za masomo tuliweka 170. Mwanawe alikosa 17: harusi Indiana, mafua, na zile siku alizobaki kumtafsiria mama yake hospitalini. Asilimia kumi. Wilaya inapoteza kama dola 459.

"Kumbe akibaki nyumbani wanakatwa?"

Ndiyo. Tena kwenye asilimia kumi hiyo hiyo mtoto anaingia kwenye orodha ya wanaokosa shule kupita kiasi, hata kama ulipeleka karatasi ya daktari. Hospitali, omba mkalimani. Ni bure, na si kazi ya mtoto.

Matokeo sasa. Utaona maneno manne: Novice, Apprentice, Proficient, Distinguished. Mawili ya mwisho ndiyo ya waliofikia kiwango. Usisome safu ya wanafunzi wote. Shuka hadi safu ya wanaojifunza Kiingereza. Usishtuke ikiwa chini. Mtoto hutoka kwenye kundi hilo akipata 4.5 kwenye mtihani wa Kiingereza unaoitwa ACCESS, kwa hiyo waliofanikiwa wameshaondoka na wageni wanaingia. Linganisha safu hiyo na safu kama hiyo ya shule nyingine, hapo utajua nani anafundisha watoto wetu vizuri.

Kwa sekondari, tafuta waliohitimu kwa miaka minne, kisha kwa mitano. Kijana aliyefika na miaka 17 bila Kiingereza akimaliza mwaka wa tano, kwenye hesabu ya minne ni kama hakumaliza. Shule ambayo namba ya mitano inapanda sana kuliko ya minne haikuwaacha vijana hao njiani. Mimi ningempeleka wangu huko bila kuuliza rangi.

Ukishapata namba moja inayokukera, ipeleke kwenye baraza la shule, lile la SBDM: mkuu wa shule, walimu watatu, wazazi wawili waliochaguliwa na wazazi wenzao. Usiende na malalamiko kumi. Yule mama aliandika swali lake kwenye bahasha ile ile, chini ya 459: walimu wa Kiingereza kwa wageni wako wangapi, na watoto wangapi? Akaikunja, akaiweka kwenye pochi pamoja na kadi ya basi, akauliza viti vya wazazi vinapigiwa kura lini.