Jinsi ya kupanga njia ya baiskeli ya changarawe vilimani, mbali na magari

Ukifungua programu ya ramani, ukagusa pa kuanzia na pa kumalizia, utapewa njia. Lakini programu hiyo haijui kama malori ya magogo yanashuka hapo tangu alfajiri, wala haijui kuwa ule mstari mwembamba unaokatiza bonde ni barabara ya zamani ambayo gari halijapita kwa miaka. Ukitaka njia tulivu kweli, kila mstari uulizie jambo moja: nani aliijenga barabara hii, na kwa kazi gani? Ukijua hilo, umejua pia inapanda vipi, ardhi yake ni ngumu kiasi gani, na utapishana na nani.

Mwongozo huu ni wa mzunguko wa kilomita 40 hadi 60, unaoanzia na kuishia mahali pamoja. Vilimani, kwenye changarawe, huo ni mzigo wa nusu siku nzima.

Hatua ya 1: Tafuta barabara kwa kazi yake

Anza na reli zilizokufa. Gurudumu la chuma juu ya chuma halina mshiko mkubwa, kwa hiyo wahandisi wa treni za mvuke walivizunguka vilima badala ya kuvipanda, na reli nyingi hazizidi mwinuko wa asilimia 2 au 3, yaani kupanda mita 2 au 3 kwa kila mita 100. Vyuma vikishang'olewa hubaki tuta la kokoto lililoshindiliwa, linalopita nchi ya milima bila kukutoa jasho. Hispania ilianzisha mpango wake wa Vías Verdes (“njia za kijani”), unaogeuza reli za zamani kuwa njia za baiskeli na miguu, mwaka 1993 kwa mantiki hiyohiyo, na sasa njia hizo zina zaidi ya kilomita 3,000. Kasoro ya reli ni madaraja: likiwa limeondolewa, unajikuta ukingoni mwa korongo huna pa kwenda.

Baada ya reli, tazama barabara za misitu ya mbao. Zilichongwa kwa ajili ya malori yaliyojaa magogo, ndiyo maana kona zake ni pana na mara nyingi mwinuko hauvuki asilimia 10 au 12. Lakini nyingi huishia katikati ya msitu, mahali palipokatwa miti, kisha basi. Usiziamini mpaka uone kwenye ramani kwamba zinatokea upande wa pili. Tena, zipitie siku ambayo kazi imesimama; marundo ya magogo mapya kando ya njia yanamaanisha lori haliko mbali.

Barabara za kuhudumia maji zina tabia mbili zinazopingana. Ile inayofuata mfereji wa wazi huwa karibu tambarare, maana maji hutiririka taratibu yakishika ubavu wa kilima. Ile inayofuata bomba la shinikizo hupanda moja kwa moja hadi kileleni. Kwenye ramani zote mbili ni mistari tu, kwa hiyo zitofautishe kwa kontua, ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, kabla hujazifurahia.

Njia za mifugo ziache za mwisho. Ng'ombe hahitaji kona ili apande mlima, wewe unazihitaji.

Hatua ya 2: Tafuta mahali gari linaposhindwa

Hapa ndipo penye siri yote, na ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine. Barabara ya vumbi inayounganisha barabara mbili za lami ni njia ya mkato, na kila dereva wa karibu anaijua. Hata ikionekana nyembamba kwenye ramani, utakula vumbi. Unachotafuta ni barabara iliyokatika kwa gari ila haijakatika kwa baiskeli: daraja lililobaki na upana wa miguu tu, nguzo zilizosimikwa katikati, kijito kisicho na kalvati, geti lenye upenyo wa waenda kwa miguu, au vijia viwili vinavyokaribiana kila kimoja kikitoka bonde lake na kuacha mita mia mbili za nyasi katikati.

Kisha hesabu nyumba. Barabara isiyo na nyumba mwishoni haina sababu ya kuwa na magari. Yenye nyumba tatu ina magari ya watu hao watatu na wageni wao. Yenye kijiji ina pikipiki, malori na basi.

Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, inasaidia sana kwa sababu wachangiaji wake huandika habari hizi. Barabara za mashamba na misitu hupewa alama ya `tracktype` kuanzia grade1, yenye uso mgumu kabisa, hadi grade5, ambayo ni udongo na nyasi tupu. Kwa tairi za milimita 40 ninatafuta grade2 na grade3. Alama ya `motor_vehicle=no`, yaani magari hayaruhusiwi, ikionekana, umepata. Lakini kumbuka aliyeiweka huenda alipita hapo miaka mingi iliyopita, wakati wa kiangazi.

Hatua ya 3: Ithibitishe kwa picha za setilaiti

Kuza picha na ufuate mstari wako wote, kipande kwa kipande. Weupe au kijivu kinachofanana mwanzo hadi mwisho ni kokoto. Mistari miwili yenye nyasi katikati ina maana gari hupita mara chache, na hiyo ndiyo rangi ninayoipenda. Michirizi inayopinda-pinda ndani ya njia ni makorongo ya maji ya mvua. Sehemu hiyo utaisukuma baiskeli. Miti ikiifunika njia kabisa, jibu halipo kwenye picha, weka alama ukaione mwenyewe.

Hatua ya 4: Hesabu mwinuko, na uwe na mashaka na grafu

Asilimia 10 ni kupanda mita 10 kwa kila mita 100 unazosogea mbele. Kama kontua zimepishana kwa mita 20 na njia yako inavuka tano ndani ya kilomita moja, umepanda mita 100: ni asilimia 10. Zikibanana hadi kumi kwa kilomita hiyohiyo, tafuta njia nyingine. Kwenye changarawe legevu, juu ya asilimia 15 gurudumu la nyuma huanza kuteleza hata kwa mwenye mapafu ya chuma.

Grafu ya mwinuko inayochorwa na programu usiiamini kupita kiasi. Nyingi hutegemea vipimo vya rada vilivyochukuliwa kutoka chombo cha anga mwezi Februari 2000, vyenye vipande vya takriban mita 30 kwa 30. Penye msitu mzito, rada ilisoma miti na si ardhi. Njia inayotembea ubavuni mwa kilima kikali hupata vilima vya uongo, kwa kuwa mstari wako ukihama mita chache tu, programu inasoma kimo cha juu au cha chini yake. Reli ya zamani yenye handaki ni kichekesho: programu hukupandisha juu ya mlima ambao wewe utapita chini yake.

Kwa jumla ya siku, mita 100 za kupanda kwa kila kilomita 10 ni nchi ya mawimbi ya kawaida. Mita 200 ni kazi nzito, na mwendo wa wastani wa kilomita 12 kwa saa usikuaibishe.

Hatua ya 5: Chagua upande wa kuzungukia

Mzunguko uleule ukipitwa kinyume ni safari tofauti. Mimi hupanda upande mkali kama ardhi yake ni ngumu, nikashuka upande mpole wenye changarawe legevu. Mteremko mkali wenye kokoto zinazoviringika ni mahali pa kuvunjia bega. Kama huna budi kukanyaga kipande cha lami yenye magari, kiweke mwanzoni, ungali na akili ya kuangalia nyuma, na uvuke barabara kuu mahali palipo wazi pande zote, si kwenye kona.

Hatua ya 6: Ruhusa

Njia kuonekana kwenye ramani si ruhusa ya kuipita. Sheria hutofautiana sana: Uskoti, sheria ya mwaka 2003 inampa mwendesha baiskeli haki pana ya kupita maeneo ya mashambani, ilhali England baiskeli zimeruhusiwa kwenye njia za farasi tangu 1968, lakini si kwenye vijia vya waenda kwa miguu. Soma sheria za unakokwenda, na penye shaka muulize mwenye shamba. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, lililo wazi liache wazi.

Hatua ya 7: Baiskeli

Tairi za milimita 40 hadi 45. Kama hazina tyubu, mtu wa kilo 70 aanze na presha ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 30 hadi 35. Penye tyubu ongeza kidogo ili tyubu isibanwe kati ya jiwe na rimu. Gia ndiyo watu huidharau. Gia ya mbele ya meno 30 na ya nyuma ya meno 42 hukusogeza kama mita 1.6 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unapanda chini kidogo ya kilomita 6 kwa saa, na kwenye mwinuko wa asilimia 10, wewe na baiskeli mkiwa kilo 85, hilo linahitaji karibu wati 150. Ukiwa na gia kubwa kuliko hiyo, mlima utakuamulia.

Hatua ya 8: Pita mara ya kwanza ukiandika

Hifadhi faili la GPX, lenye njia uliyoichora, kwenye simu pamoja na ramani isiyohitaji intaneti, maana mabondeni mtandao hupotea. Ukipanda, kaa kwenye tandiko. Ukisimama, uzito unahama mbele na gurudumu la nyuma linakosa mshiko. Ukishuka, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, na uziachie breki kila baada ya muda zipoe.

Ardhi yenyewe itakuambia kama ulichagua vizuri. Vijituta vidogo vinavyofuatana, vile vinavyokutikisa meno, hutengenezwa na magari yanayokwenda kasi. Ukivikuta, kipande hicho kina wageni. Weka alama kwa kila geti, kila chanzo cha maji, kila mahali uliposukuma, na kila mahali ulipokutana na gari, pamoja na siku na saa. Kisha irudie baada ya mvua kubwa kabla hujampa mwingine faili hilo.