Darasa la kwanza, muhula wa kwanza: anachojifunza mtoto na namna ya kumsaidia nyumbani

Mtoto akirudi shuleni anaimba "ba be bi bo bu" bila kukwama, wazazi wengi hudhani ameshaanza kusoma. Fanya jaribio dogo: ziandike silabi hizo kwenye karatasi, funika nne kwa kiganja, umwachie "bo" peke yake. Akianza kunong'ona "ba, be, bi…" mpaka aifikie, basi amekariri wimbo tu na herufi bado hajazijua. Sehemu kubwa ya kazi ya nyumbani katika muhula huu, unaoanza Januari na kumalizika Juni, ni kumtoa mtoto kwenye wimbo na kumfikisha kwenye herufi. Hesabu nayo ina wimbo wake, tutaufikia.

Kwa shule za Tanzania, uzito wa darasa la kwanza uko kwenye KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika darasa hili Januari 2024, kwa hiyo kitabu alichosomea kaka yake miaka ya nyuma huenda kisifuate mpangilio wa sasa. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao yake. Fungua kitabu cha Kusoma, kilinganishe na daftari la mtoto, utaona mwalimu amefika wapi. Usimtangulie mwalimu. Rudia kile kilichofundishwa wiki hiyo na iliyopita.

Muda unaotosha ni dakika 15 za kusoma na kuandika na dakika 10 za hesabu, siku tano kwa wiki, kabla ya chakula cha usiku. Akishashiba, usingizi utamshinda. Saa nzima ya Jumamosi haifidii siku tano zilizorukwa.

Kusoma

Mpangilio wa kawaida ni irabu tano (a, e, i, o, u), kisha konsonanti moja moja zikiungwa na irabu kupata silabi, kisha maneno ya silabi mbili au tatu. Herufi zinazokwenda pamoja kama mb, nd, ng, ny, ch na sh huja baadaye, na baadhi ya shule hazizifikii kabla ya likizo ya Juni.

Jambo la kwanza la kushika: mfundishe mtoto sauti ya herufi, usianze na jina la herufi. M ni "mmm", midomo imefungwa. S ni "sss". Mtoto aliyezoeshwa kusema "em" akikutana na m na a atasoma "ema", na hapo hana kosa, ameunganisha alichopewa. Herufi kama b, k na t hazivutiki, kwa hiyo zitamke kwa ufupi na uziunge na irabu papo hapo.

Sasa tengeneza kadi. Chukua boksi tupu la sabuni au la biskuti, kata vipande 25 vya sentimita 6 kwa 6, na uandike kwa kalamu nene silabi za m, k, l, t na b, kila konsonanti na irabu zake tano. Herufi ziwe ndogo, si kubwa, kwa kuwa ndizo zinazojaa kwenye kitabu. Ongeza kadi za pili za ma, ba, ka, la na ku ili upate mama, baba, kaka, lala na kuku. Kadi hizo chache zinatoa maneno mengi: kumi, koti, moto, kobe, bata, meli, tamu, kilo, kalamu, bakuli, kitabu. Ukiongeza kadi tano za irabu tupu unapata ua, tai, maua, kiatu na limao. Kama darasani wameanza na herufi nyingine, badilisha kadi zifuate darasa.

Kila jioni:

1. Chagua kadi tano tu, tatu anazozijua na mbili mpya. Zichanganye, ugeuze moja moja. Mpe kama sekunde tatu. Akikwama, usimtajie silabi nzima. Anza "mmm…" na umwachie irabu aiongeze mwenyewe.
2. Weka kadi mbili mbalimbali, ko na ti. Azisome huku unazisogeza, mpaka zigusane na yeye atamke "koti". Watoto wengi hukwama hapa kwa sababu wanapumzika mno katikati: wakifika ti, ko imeshasahaulika. Usiongeze maneno, punguza mwanya.
3. Badilisha kadi moja tu kila mara: bata, bati, kati, kata, kisha pindua upate taka. Zoezi hili linamlazimisha kutazama kila silabi.
4. Sasa taja neno wewe, ajenge yeye. "Nipe bakuli." Kujenga ni kugumu kuliko kusoma, na ndiko kunakoonyesha pengo liko kwenye silabi ipi.
5. Maliza kwa maneno yasiyo na maana: mibo, teku, kelo. Atacheka, lakini hakuna kipimo kizuri kuliko hiki, kwa kuwa neno ambalo halijawahi kusikika halikisiki.

Kukisia ndio ugonjwa mkubwa wa miezi hii. Mtoto anaona "ka", anatazama picha, anasema "kalamu" wakati imeandikwa "kali". Dawa yake ni kufunika picha kwanza, asome, ndipo umfunulie ahakikishe. Na usimsifu kwa kusoma haraka, msifu kwa kurudi nyuma na kujisahihisha.

Herufi m ina tabia yake. Katika mtoto, mkate na mtu, inasimama kama silabi peke yake, na watoto huandika "mutoto" au "mukate" kwa kuwa wamezoeshwa kuwa konsonanti haitembei bila irabu. Tengeneza kadi ya m tupu. Pigeni makofi: m-to-to, makofi matatu, m-tu, mawili. Kwenye mbuzi ni mawili tu, mbu-zi, maana hapo m imeungana na b. Usimtungie kanuni, sikio lake litatosha.

Kama nyumbani mnazungumza lugha inayochanganya l na r, mtoto ataandika anavyosikia. Kumkemea hakusaidii. Chora kalamu upande mmoja na sahani za karamu upande wa pili, taja neno moja, aoneshe kwa kidole. Fanya hivyo na kula na kura pia. Asiyesikia tofauti hawezi kuiandika, kwa hiyo masikio kwanza, daftari baadaye. Kama na wewe mwenyewe ulimi unateleza kwenye sauti hizo, mwachie zoezi hili dada yake mkubwa au jirani.

Kuandika

Kabla ya herufi huja mistari: ya kusimama, ya kulala, nusu duara, mawimbi. Wazazi huiona ni mchezo na kuiruka, kisha wanashangaa kwa nini herufi zinapinda. Mimina mchanga laini kwenye sinia mpaka ufike unene wa kidole kimoja, achore kwa kidole cha shahada, atikise sinia, aanze tena. Mchanga haukumbushi makosa ya jana.

Penseli ishikwe kwa vidole vitatu, sentimita mbili au tatu juu ya ncha. Akikandamiza mpaka karatasi inatoboka, mara nyingi penseli imekuwa kipisi kifupi mno au meza iko juu kuliko viwiko vyake. Miguu iguse chini. Kama haifiki, weka tofali au ndoo iliyopinduliwa. Anayetumia mkono wa kushoto mwache autumie, ila karatasi yake iinamie kulia, na taa iwe upande wake wa kulia ili kivuli cha mkono kisifunike anachoandika.

Herufi ni rahisi zikifundishwa kwa jinsi mkono unavyokwenda. A, d, g na o huanza kwa kuzunguka kwenda kushoto. I, l, t, u na j huanza kwa kushuka. N, m, h, r, b na p hushuka kisha hupanda na kufanya mgongo. K, v, w, y na z zina mistari ya kuinama. Weka nukta pale penseli inapoanzia. Mtoto anayeanzia chini kwenda juu ataandika vizuri leo, lakini akifika darasa la tatu ataachwa na wenzake kwa mwendo.

Kujaza ukurasa mzima wa "a" ni kupoteza penseli. Ukitazama kurasa hizo utaona mstari wa kwanza ni mzuri na wa nne umeharibika, kwa sababu kila mstari ameiga wa juu yake, si mfano wako. Andika mfano mwanzoni mwa kila mstari, aandike herufi tano, kisha achague mwenyewe iliyokaa vizuri na aizungushie duara.

B na d zitamchanganya. Watoto wengi wa umri huu hupitia hapo, kama wanavyogeuza 3 na 7. Zitenganishe. B ishike kwa wiki mbili kabla ya kurudia d. Kwa b, fimbo kwanza, tumbo baadaye. Kwa d, tumbo kwanza.

Mara mbili kwa wiki fanyeni imla ya maneno matatu. Hapo ndipo mtoto anayenakili ubaoni bila kusoma hugundulika: daftari lina vema tupu, lakini ukitaja "meli" hana pa kuanzia.

Kuhesabu

Wimbo wa hesabu ni "moja, mbili, tatu" mpaka ishirini bila kujua ishirini ni kiasi gani. Mwaga vizibo 12 vya soda mezani. Kama mdomo unakimbia kuliko kidole, mwambie asogeze kila kizibo upande wa pili huku anahesabu. Akimaliza muulize, "Vingapi?" Anayeanza kuhesabu upya hajajua bado kuwa namba ya mwisho ndiyo jibu.

Mchezo wa mdako ni mwalimu tosha. Weka mawe 10 shimoni. Akitoa 6 muulize yamebaki mangapi, kisha ahakikishe. Kwa wiki chache atakuwa amejua jozi zote za kumi bila kuambiwa kwamba ni hesabu.

Kwenye kujumlisha kuna kosa linalojirudia. 4 + 3 anajibu 6, kwa sababu ameanza kuhesabia kwenye nne yenyewe: "nne, tano, sita". Ficha vizibo vinne chini ya kikombe. Gonga kikombe, aseme "nne", kisha aguse vile vitatu vya nje: tano, sita, saba.

Kiswahili kinamsaidia mtoto kwenye kumi na moja mpaka kumi na tisa, maana namba inajieleza yenyewe. Lakini msaada huo huo humfanya aandike kumi na nne kama 104, yaani 10 halafu 4. Funga vijiti kumi kwa mpira wa kufungia hela, viwe fungu moja. Chora safu mbili, Makumi na Mamoja. Fungu moja na vijiti vinne ni 1 na 4. Ishirini ni ngumu zaidi kwa kuwa haitaji mbili popote, basi aone mafungu mawili kila mnapoitaja. Sarafu za shilingi 100 zifuate baadaye, akishaizoea namba 100. Sarafu moja kusimama badala ya vitu mia ni fumbo kwa mtoto wa miaka sita.

Dalili za kufuatilia

Mwishoni mwa muhula mtoto anayekwenda vizuri husoma neno jipya la silabi mbili bila picha, huandika maneno mafupi ya imla, na hukuhesabia vitu 20 bila kuruka. Akiwa bado kwenye irabu ifikapo Mei, usingoje ripoti. Nenda kwa mwalimu na daftari, uulize herufi zipi hasa zinamshinda, mgawane: mwalimu zake, wewe zako.

Na ukiona analeta kitabu karibu na pua, anakunja macho kutazama ubao, anageuza sikio moja akiitwa, au sikio linatoa usaha, mpeleke kituo cha afya kwanza. Wakati unasubiri, mwombe mwalimu amkalishe dawati la mbele.