Kisu kirudi nyuma kiasi gani unapokata nyuzi za bolti na nati

Mafundi wenzangu wa kukereza hapa Mbeya, mkiandaa nyuzi kwenye programu ya CAM (ya kompyuta, inayoandika maelekezo ya mashine) msiikubali tu namba ya kurudisha kisu iliyokuja nayo. Mzunguko wa G76, amri ya mashine ya kukata nyuzi, hurudisha kisu kwenye X ya kuanzia (mahali kisu kilipo kutoka katikati ya kazi) kila pasi, yaani kila kinapopita kukata. Bolti ya M30 (kipenyo milimita 30), hatua 3.5 kutoka uzi hadi uzi, mimi naweka X34. X inasoma kipenyo, kwa hiyo hapo una milimita 2 tu kila upande. Ukiweka X30.5 kisu kinarudi kikikwaruza vyuma vilivyojisokota kwenye kazi. X60 inakula muda bure.

Nyuzi za ndani ndizo zinazovunja visu, maana huku kisu hurudi kuelekea katikati. Kwa nyuzi hizohizo za M30 shimo ni 26.5, na kutoka ncha ya kisu hadi mgongo wa fimbo inayokishika ni 23: zimebaki 3.5. Ukianzia X18, ncha inaachana na ukuta kwa 4.25, mgongo unagonga ng'ambo ya pili. X24.5 inatosha. Pimeni fimbo yenyewe kwa kalipa (picha ya kwenye skrini inaweza kuwa nyembamba kuliko fimbo halisi), kisha zungusheni pasi ya kwanza hewani.