Jinsi ya kupima kijito kwa kutumia wadudu wa majini

Watu wengi wakisikia kupima maji wanawaza maabara, wakati kwenye kijito kuna wadudu wanaishi humo miezi na miezi na wanaweza kuwaambia mengi. Ukichota chupa ya maji leo unajua habari za leo tu, uchafu uliomwagwa juzi usiku umeshapita zamani, ila mdudu wa chini ya jiwe alikuwepo na hakuwa na pa kukimbilia, akifa pengo lake mnaliona.

Vifaa ni vichache. Wavu wa matundu madogo sana (nusu milimita mpaka milimita moja), beseni JEUPE maana kwenye rangi nyingine hamtaona kitu, kijiko cha plastiki, lenzi ya mkono, daftari na penseli, wino ukilowa unafutika. Gambuti na glavu muhimu, na kama kuna kichocho hapo hamna mjadala. Usiende peke yako.

Chagueni pale maji yanapopita juu ya mawe, kina kisizidi magoti. Kama mvua kubwa imepita juzi msipime, subirini wiki mbili tatu, mafuriko yanasomba wadudu afu mnaandika kijito kichafu kumbe sio.

Sasa kazi yenyewe: anzieni chini mpande juu, msitibue sehemu ambayo hamjaipima. Mmoja anashika wavu mdomo ukiangalia maji yanakotoka, mwingine anasimama mbele ya wavu anachokora mawe na mchanga kwa mguu, mawe makubwa anayasugua kwa mkono, pitieni na majani ya kingoni. Wekeni muda, tuseme dakika 5, na muda huo huo kila mkija, sehemu ile ile. Hili nalisisitiza sana, leo mkichokora dakika 5 na mwezi ujao 15 mtapata wadudu wengi zaidi na hamtajua kama kijito kimepona au ni jitihada zenu tu.

Geuzeni wavu kwenye beseni lenye maji kidogo ya kijito, mtulie. Mwanzoni ni majani na matope tu, alafu kijiti cha chembe za mchanga kinaanza kutembea, kinatoa kichwa na miguu sita, huyo ni trikoptera, nyumba kajijengea mwenyewe. Mwenye matamvua yanayopepea ubavuni mwa tumbo ni efemeroptera, mara nyingi ana mikia mitatu. Plekoptera ana miwili, ila msitegemee mikia peke yake maana inakatika, na wapo efemeroptera wenye miwili pia. Chukua lenzi uangalie mguu: plekoptera ana kucha mbili kila mguu, efemeroptera moja. Hao watatu wanahitaji oksijeni nyingi, wengi wao uchafu hawauwezi. Mkikuta lava (wadudu wachanga) wekundu wa usubi na minyoo tu kuna tatizo, wale wekundu wana hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ndo maana wanaishi pasipo na hewa ya kutosha.

Kuna mfumo wa Afrika Kusini unaitwa miniSASS umewagawa wanyama hawa makundi 13, kila kundi na alama zake: plekoptera 17, aina nyingi za efemeroptera 11, trikoptera 9, konokono 4, minyoo 2. Mnahesabu makundi sio idadi ya wadudu. Mkipata efemeroptera, trikoptera, konokono na minyoo ni 26, gawanya kwa 4 mnapata 6.5, afu mnalinganisha na jedwali la miniSASS, la mto wa mawe sio sawa na la mto wa mchanga. Mkiwa mbali na kusini mwa Afrika tafuteni jedwali la kwenu. Mdudu mwenye utata mpigeni picha, msimwandike kwa kukisia.

Na jamani, alama nzuri haimaanishi maji ni ya kunywa! Wadudu hawawaambii kama kuna vijidudu vya kuharisha.

Mkimaliza rudisheni wadudu majini, safisheni wavu na gambuti mkaushe kabisa kabla ya kwenda mto mwingine, msihamishe magonjwa. Alama zikishuka ghafla rudieni kupima kwanza, na zikibaki chini pandeni juu mpime kabla na baada ya kila bomba au mfereji unaoingia, pale plekoptera wanapopotea ndo mwanzie kuuliza maswali.